Kuwahesabu Samaki Bila Kuwaua

Sisi tunaokaa mbali na bahari hatuoni maji kupwa na kujaa. Kule pwani, mahali pengi bahari hupanda na kushuka mara mbili kwa siku. Ikishuka, huacha vidimbwi katika mashimo ya miamba, na samaki wadogo hubaki humo hata maji yarudi. Watu wa elimu walipenda sana kuwahesabu samaki hao. Lakini waliwahesabuje?

Katika Uingereza, Philip Henry Gosse alitoa kitabu juu ya pwani ya Devonshire mwaka wa 1853, na mwaka wa 1854 kingine cha kufundisha kutunza viumbe vya bahari katika vyombo vya kioo. Wasomaji walivutwa mno. Walishuka pwani kwa wingi, wakachukua kila walichokiona. Mwaka wa 1907 mwanawe, Edmund, aliandika kwa uchungu kwamba vidimbwi vile vizuri vimekwisha kuharibiwa. Baba alivipenda, na vitabu vyake viliviletea wanyang'anyi.

Baadaye wataalamu walitumia sumu iitwayo rotenoni. Sumu ya namna hiyo twaijua: imo katika majani ya utupa, ambayo wavuvi huyaponda na kuyatia mtoni. Samaki hushindwa kupumua, hufa. Hesabu imetimia, lakini kidimbwi ni kitupu. Mwaka ujao utahesabu nini?

Tena maiti haionyeshi mwenendo wake. Mwaka wa 1951 Lester Aronson, mtaalamu wa New York, alieleza habari za samaki mdogo wa visiwa vya Bahama. Samaki huyo huruka kutoka kidimbwi hata kidimbwi asichokiona, na hukosea mara chache tu. Maji yalipojaa aliogelea juu ya miamba, akajifunza mashimo yalipo.

Siku hizi wengi hukaa kimya na kutazama. Au huchota maji kwa ndoo, huwapima samaki upesi, kisha huwarudisha katika kidimbwi kile kile, maana ndiyo nyumba yao. Wengine hutia mafuta ya karafuu, zao lililovipa sifa visiwa vya Unguja na Pemba. Samaki hulala, na katika maji safi huamka. Lakini kipimo kikizidi, hawaamki. Basi hata dawa nzuri yataka mkono wa uangalifu.

Wahenga walisema: mchovya asali hachovyi mara moja. Naye ahesabuye atarudi kuhesabu tena. Na awaache wazima.