Hemofilia

Hemofilia ni ugonjwa wa kurithi unaoifanya damu ichelewe kuganda kwa upungufu wa protini moja ya kugandisha: faktari ya 8 katika hemofilia A, iliyo ya kawaida zaidi, au ya 9 katika hemofilia B. Jeni husika imo kwenye kromosomu X, hivyo wanaougua ni wanaume hasa, na mama huweza kuibeba bila kujua. Malkia Victoria wa Uingereza aliibeba. Kitukuu wake Alexei, mrithi wa kiti cha Urusi, aliugua. Vipimo vya mifupa vilivyotangazwa mwaka 2009 vilionyesha ilikuwa aina ya B.

Cha kuogopwa si mkwaruzo mdogo, kama wengi wanavyodhani, bali damu inayovujia ndani: magotini, viwikoni, hata ubongoni. Penye desturi ya kutahiri wachanga, dalili ya kwanza huweza kuwa jeraha la tohara lisiloacha kutoa damu. Tiba ni kuchomwa mshipani faktari iliyopungua. Kwa aina ya A ipo pia emicizumab, inayochomwa chini ya ngozi. Aspirini huzidisha kutoka damu, kwa hiyo mgonjwa huiepuka.