Ufunguo si Neno la Siri: Historia ya Istilahi za Kusanidi na Kufumba

Istilahi haizaliwi na kamusi. Huzaliwa na kazi. Pale ambapo kazi moja imegawanyika ikawa mbili, neno moja halitoshi tena, na mfasiri asiyeutambua mgawanyiko huo humpoteza msomaji wake. Tumeonelea kulieleza jambo hili kwa mifano miwili itokayo katika historia ya Debian, mfumo wa programu za kompyuta ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993.

Mfano wa kwanza ni wa kusanidi. Katika Debian, programu huletwa ikiwa kifurushi. Chombo kiitwacho dpkg, kiendeshwacho kwa amri za kuandikwa, hukishughulikia kifurushi kwa hatua mbili: kwanza hukifungua na kuyaweka mafaili mahali pake, kisha hukisanidi, yaani hukirekebisha kilingane na mashine na matakwa ya mwenyewe. Mwaka 1999 Joey Hess alianza kuandika debconf, chombo cha kumwuliza mwenye mashine maswali ya hatua hiyo ya pili na kuyahifadhi majibu. Ikawezekana maswali kuulizwa tena, kwa amri ya dpkg-reconfigure, pasipo kuiweka programu upya. Baadhi ya maandishi yetu hutumia "kusanidi" kwa hatua zote mbili. Karani aambiwaye "sanidi upya" atajuaje kama ajibu maswali tu au aiweke programu yote tena?

Mfano wa pili una hatari kubwa zaidi, nao ni wa kufumba diski. Neno "usimbaji fiche" limeenea, nasi hatulikatai. Lakini diski hiyo haikufichwa. Kila mtu aweza kuishika, ila yaliyomo hayaelewi. Wahenga walisema, "Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua". Fumbo hili hata mwerevu haling'amui bila ya ufunguo.

Mwaka 2004 kiini cha Linux, toleo la 2.6.4, kilitiwa dm-crypt, sehemu ya kufumbia diski, nacho chombo cha cryptsetup kikawa cha kuitayarishia kwa amri. Kwa utaratibu wa awali, neno la siri alilochapa mtu ndilo lililogeuzwa likawa ufunguo. Aliyetaka kulibadili hakuwa na budi kuifumba diski yote upya. Wakati huo, mfasiri aliyeyachanganya maneno hayo mawili hakukosea sana.

Mwaka uleule Clemens Fruhwirth alibuni LUKS, na mambo yakabadilika. Hapa ufunguo hutungwa na mashine yenyewe. Nakala zake huwekwa mwanzoni mwa diski, katika sehemu tutakayoiita kichwa, kila nakala ikiwa imefumbwa kwa neno la siri lake. LUKS ya kwanza ilikuwa na nafasi 8 za nakala hizo. LUKS2, iliyotoka mwaka 2017, yaweza kuwa na 32. Hivyo watumishi kadhaa waweza kuifungua diski moja, kila mmoja kwa neno lake.

Tokeo lake ni mambo mawili. Kwanza, kichwa kikiharibika na hakuna nakala ya akiba, anayelikumbuka neno lake la siri hapati kitu. Pili, kulifuta neno la mtumishi aliyehama si kuubadili ufunguo. Akiwa na nakala ya kichwa cha zamani, neno lake la zamani bado litaifungua diski hiyo. Mwongozo usemao "badilisha ufunguo" kwa maana ya "badilisha neno la siri" humpa mkuu wa ofisi usalama usiokuwapo.

Kwa hiyo twapendekeza:

(a) kusakinisha: kazi nzima ya kuiweka programu katika mashine;
(b) kusanidi: kuirekebisha tu;
(c) neno la siri: lile alijualo mtu;
(d) ufunguo: ule utungwao na mashine, ufumbao na kuifumbua diski.

Wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayapime maneno haya katika kazi zao. Yakishindwa huko, tutayaacha. Ila mgawanyiko wenyewe usiachwe.