Kabla kukonda hakujawa biashara

Mwanzoni mwa 1917 mvua zilipomwagika bonde la Rufiji, vita vya Waingereza na Wajerumani vilikwama matopeni na njaa ikashika zamu. Njia za kuletea posho zilizama. Askari wa Kiafrika kutoka Nigeria, waliokuwa upande wa Waingereza, waliwekwa kwenye nusu posho, kisha hata hiyo nusu ikawa ya kubahatisha. Walikula panya na nyani. Wengine walichimba mizizi ya porini wasiyoijua, wakafa kwa sumu. Upande wa pili, jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck liliishi kwa mahindi na mpunga wa wakulima, na mafuta likayapata kwa kuwinda viboko.

Wenyeji mizizi hiyo waliijua. Ndiga, kiazi cha mwituni chenye sumu, hakiliwi kwa pupa: humenywa, hukatwa vipande vyembamba, hulowekwa siku kadhaa kwenye maji yanayobadilishwa, ndipo huanikwa na kutwangwa. Hiyo ni elimu iliyopatikana kwa gharama, na watu wa kusini mwa pwani yetu ya Tanzania wameilipia zaidi ya mara moja. Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mtabiri wa Maji Maji, pale Mohoro. Vita vya Maji Maji vilipoenea, walichoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Mafuriko ya 1968 yaliifanya serikali kuwahamisha watu wa bondeni kwenda vijiji vya ujamaa nyanda za juu, wakabaki mbali na udongo uliowalisha. Upungufu wa chakula wa katikati ya miaka ya 1970 na ule wa miaka ya 1980 tuliupitisha kwa mahindi ya njano ya msaada. Unga wake watu waliuita unga wa Yanga, kwa rangi ya jezi za timu hiyo, na washabiki wa Simba waliula vilevile.

Naanza na njaa kwa sababu mazungumzo yetu ya leo kuhusu kupunguza uzito yanaisahau. Ukishuka stendi ya Kibiti na kuwasha simu, hutamaliza dakika kumi kabla ya kukutana na mtu anayeahidi kukuondolea kilo kumi ndani ya wiki mbili: kunywa maji ya limao na tangawizi tu, acha wali na ugali kabisa, nunua unga huu, nunua chai hii, vaa mkanda huu. Anachouza ni njaa, tena kwa bei ambayo babu zetu wangeshangaa.

Mwili haujui kwamba njaa hii umeinunua. Hilo lilipimwa Marekani katika Chuo Kikuu cha Minnesota, kuanzia Novemba 1944, pale Ancel Keys alipowachukua vijana 36 wenye afya waliokataa kwenda vitani na kujitolea kwa utafiti. Kwa miezi sita walilishwa wastani wa kalori 1,570 kwa siku, kiasi ambacho dayati nyingi za mtandaoni leo zingekiona kikubwa. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Mapigo ya moyo yalipungua, miguu ikavimba, wakawa wanahisi baridi muda wote, na hawakuwa na mazungumzo mengine isipokuwa chakula. Waliporudishiwa mlo walikula bila kushiba, na wengi wao mafuta ya mwilini yalirudi kwa kiwango kilichozidi cha awali, misuli ikichelewa nyuma. Anayemaliza wiki mbili za limao na kujikuta mwezi unaofuata ameongezeka kuliko alivyoanza asijione mzembe. Mwili wake umefanya kazi ileile iliyowavusha watu wa Rufiji kutoka masika moja hadi nyingine.

Katika historia hiyo, kunenepa kulikuwa habari njema. Mwali wa pwani, kwa Wandengereko na Wazaramo, aliwekwa ndani akafundwa, na siku ya kutolewa watu walitazama kama amenawiri; mwili uliojaa ulikuwa ushahidi kwamba nyumba ile ina chakula. Kisha likaja pigo jingine. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kule Rakai, Uganda, ugonjwa ulijulikana kwa jina la wembamba wenyewe kabla haujaeleweka. Kwa miaka ishirini na zaidi, aliyekonda alinong'onwa. Wapo hadi leo akina mama wasiotaka kupungua hata daktari akiwashauri, kwa kuogopa macho ya majirani, na sioni sababu ya kuwacheka.

Wakati sisi tukiogopa kukonda, kwingine walikuwa wakikutafuta. Mwaka 1863 mzishi tajiri wa London, William Banting, alichapa kijitabu kueleza jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Alikigawa bure kwanza, jambo ambalo warithi wake hawakuliiga. Robert Atkins wa New York alilirudisha wazo hilo kwa kitabu mwaka 1972, na mwaka 2013 Tim Noakes na wenzake wakalirudisha tena Afrika Kusini, kwa jina lilelile la Banting. Kwa hiyo "siri mpya" ya kuacha wanga inayosambazwa Kibiti ina umri wa zaidi ya miaka 160. Wapo wanaopungua nayo, hasa miezi ya mwanzo. Kinachowashinda ni kuishi nayo.

Njia nyingine zimeua. Miaka ya 1930 madaktari wa Marekani walianza kuwapa watu kemikali iitwayo dinitrofenoli, baada ya kuonekana kwamba wafanyakazi wa viwanda vya baruti Ufaransa walikonda wakiishika. Iliwachoma mwili kwa joto la ndani, ikawatia wengine mtoto wa jicho, na wengine wakafa. Kufikia 1938 ilikuwa imepigwa marufuku kwa matumizi ya binadamu. Bado inauzwa kwa siri mtandaoni. Mwaka 1976 Robert Linn wa Marekani alitoa kitabu cha kusifu mlo wa kinywaji tu, kinywaji kilichotengenezwa kwa mabaki ya machinjioni kama ngozi na kano, chini ya kalori 400 kwa siku. Vifo takriban 60 viliripotiwa, vingi kwa moyo kusimama. Unga usio na anwani ya mtengenezaji unaouzwa leo kwa simu una undugu na hivyo vyote viwili, na mnunuzi hana hata ule ujuzi wa mchimba ndiga wa kujua sumu iko wapi.

Tatizo la uzito lenyewe si la kubuni. Tafiti za kitaifa za afya zilionyesha wanawake wenye uzito uliozidi nchini wakitoka asilimia 22 mwaka 2010 hadi 28 mwaka 2015/16. Rufiji sababu zinaonekana kwa macho. Mama aliyelima mpunga wa masika bondeni, akahamia kwenye dungu kuamia ndege, kisha maji yalipokupwa akapanda mlau wa mahindi, kunde na maboga kwenye tope, hakuhitaji mwalimu wa mazoezi. Mpunga aliutwanga kwenye kinu, na punje ikabaki na sehemu ya pumba yake. Delta, kutoka Nyamisati hadi Mbwera, mboga ilikuwa samaki na kamba, na kufika shambani kulitaka kupiga kasia. Sasa mchele unatoka mashineni mweupe kabisa, safari ni ya bodaboda, na kati ya mlo na mlo kuna soda, chipsi na chai ya sukari vijiko vinne.

Kwa hiyo wa kwanza kupunguzwa wawe hao wageni wa kati ya mlo na mlo. Wali wa nazi na samaki wasihukumiwe kwa kosa lao. Sahani yenye wali wa kiasi, samaki wa kuchoma au wa kuchemsha, kunde, na matembele au kisamvu cha kutosha inashibisha. Nazi na mafuta vikipimwa, soda ikabaki ya sikukuu, na miguu ikatumika kila siku, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki inaweza kuondoka bila mtu kuzimia. Ni polepole, na hakuna atakayelipia tangazo lake. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa 1973 nchi ikihangaika na utapiamlo wa ukosefu, sasa inashughulika na upande huu pia, na halmashauri zina maofisa lishe. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari aanzie kwa daktari: akiacha wanga ghafla na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka usiku huohuo hadi akapoteza fahamu.