Mwalimu Nyerere: watu kwanza, fedha baadaye

(Muziki wa kufungua. Unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI: Karibu tena katika kipindi chetu cha historia ya majirani. Na wewe unayesoma nakala hii ubaoni, karibu.

Juzi kwenye foleni ya maji, mzee mmoja aliniuliza: "Mwanangu, kila Oktoba mnamtaja Nyerere. Hasa alikuwa anaamini nini?" Nilimjibu maneno mawili, ndoo yangu ikajaa. Mzee wangu, leo nakupa jibu kamili.

Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuongoza chama cha TANU, kilichoanzishwa mwaka 1954. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, bila vita.

Fikra yake ya kwanza ni usawa. Kwake, mtu hapimwi kwa kabila, dini wala rangi.

Ya pili ni kujitegemea. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema maendeleo yanahitaji vitu vinne: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Umeona? Fedha haimo. Fedha ni tunda la kazi, siyo mbegu yake. Azimio hilo hilo liliwabana viongozi: marufuku mishahara miwili, marufuku nyumba za kupangisha.

Fikra hizo zilitugusa sisi wakimbizi. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 Burundi, maelfu walivuka mpaka. Huko Ulyankulu, Katumba na Mishamo walipewa mashamba, wakalima, wakajilisha. Mwaka 1983 Nyerere alipewa Nishani ya Nansen kwa kuwasaidia wakimbizi.

(Muziki mfupi.)

Lakini historia ya kweli haifichi kovu. Miaka ya 1970, katika operesheni ya vijiji, Watanzania wengi walihamishwa kwa nguvu, na wengine nyumba zao zilibomolewa. Wewe na mimi tunajua kuondoka nyumbani bila kupenda kunauma vipi. Uchumi nao ulidorora. Nyerere mwenyewe alikiri kwamba kuvunja vyama vya ushirika na serikali za mitaa lilikuwa kosa. Mwaka 1985 aling'atuka kwa hiari yake.

Uzeeni alisuluhisha mazungumzo ya amani ya Burundi. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 kabla hayajakamilika. Mzee Mandela akayaendeleza, na mkataba ukatiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000.

Sasa utaniuliza: mkimbizi asiye na shamba atajitegemea vipi? Swali lako ni la haki. Wale wa Katumba waliweza kwa sababu walipewa ardhi. Maneno matamu peke yake hayaoti mahindi. Ila katika vile vinne, watu tupo. Na uongozi bora tunaweza kuudai hata hapa, tunapomchagua mwenyekiti wa zoni. Je, unamchagua kwa sababu ni wa kwenu, au kwa sababu ni mwadilifu?

MASWALI KWA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI:
1. Katika vitu vinne vya Azimio, sisi tuna vipi?
2. Kiongozi akikiri kosa lake, heshima yake inapungua au inaongezeka?

Mzee wangu wa foleni ya maji, natumaini umenisikia. Tukutane wiki ijayo. Kwaheri.

(Muziki wa kufunga.)