Menengai: Chimbuko la hadithi za mizimu katika mlima wa Nakuru

Ifikapo Oktoba 31 kila mwaka, watoto katika nchi za Magharibi huvalia mavazi ya kutisha na kubisha hodi nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Sherehe hiyo, Halloween, ilichimbuka katika sikukuu ya Samhain ya Wakelti wa Ireland, waliosadiki kwamba usiku huo wafu hurejea miongoni mwa walio hai.

Huko Nakuru, hadithi za wafu hazina msimu. Kaskazini mwa jiji hilo liko shimo la volkeno la Menengai, lenye upana wa takriban kilomita 12 na kina kinachokaribia mita 500. Lilitokea makumi ya maelfu ya miaka iliyopita, kilele cha mlima kilipoporomoka baada ya milipuko mikubwa.

Jina Menengai husemekana kutokana na lugha ya Kimaasai, likimaanisha mahali pa maiti. Wakikuyu nao walipaita Kirima kia Ngoma, yaani mlima wa mizimu.

Chimbuko la majina hayo ni vita. Katika karne ya 19, makundi ya Wamaasai yalipigania malisho na mifugo katika Bonde la Ufa. Masimulizi yanaeleza kwamba wapiganaji wa Ilpurko waliwashinda Ilaikipiak na kuwatupa kutoka ukingoni hadi chini. Mvuke unaofuka humo, wazee husema, ni roho za waliouawa zikitafuta njia ya kupanda mbinguni.

Kwamba Ilaikipiak walisambaratishwa si ngano. Kufikia miaka ya 1870 nguvu zao zilikuwa zimevunjwa, na manusura wakamezwa na jamii nyingine. Jina lao limesalia katika Kaunti ya Laikipia.

Kutokana na kumbukumbu hiyo, imani nyingine zilizuka. Wakazi husimulia kuhusu watu waliopotea humo kwa saa au siku kadhaa bila kujua walikokuwa, na kuhusu shamba linalolimwa na wakulima wasioonekana. Hata hivyo, wapo wasioogopa. Waumini wa madhehebu mbalimbali wamekuwa wakiyaendea mapango ya Menengai ili kufunga na kuomba, wakiamini kwamba pahali hapo pana utakatifu.

Sayansi ina maelezo yake. Maji ya mvua hupenya kwenye nyufa, yakapashwa moto na miamba iliyo chini, kisha yakarudi juu yakiwa mvuke. Kampuni ya serikali ya kustawisha kawi ya mvuke, GDC, ilianza kuchimba visima humo mwaka wa 2011. Baadhi yavyo vilifikia mawe yaliyoyeyuka katika kina cha takriban kilomita 2. Mwaka wa 2023, kiwanda cha megawati 35 kilianza kuzalisha umeme kwa mvuke huohuo.

Kupotea nako hakuhitaji mizimu. Sakafu ya shimo imetandazwa mawe meusi ya lava na vichaka vinavyofanana kila upande, na ukungu ukishuka, ukingo hauonekani tena. Ndiyo maana mgeni hushauriwa aandamane na mwenyeji anayezijua njia. Onyo la wahenga, kwamba shimo hilo humeza watu, lingali na maana hata kwa asiyeamini mizimu.