Kitalu kilikuwa ukuta

Siku hizi kitalu ni neno lenye kazi nyingi. Serikali inagawa vitalu vya uwindaji, kampuni za gesi zina vitalu vyao huko baharini, na mtu wa Mapinga au Kerege aliyejaza udongo kwenye beseni bovu nyuma ya jiko naye atakwambia, wala hatanii, kwamba ana kitalu cha nyanya. Wote wako sawa. Ila ukifungua kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 utakuta kitalu ni ukuta wa mawe, ule wa kuzungushia ua au bustani. Mawe yenyewe bado yapo: nenda kwenye magofu ya Kaole, Bagamoyo, ukaone matumbawe na chokaa vilivyosimama karne kadhaa mbele ya chumvi.

Kwa hiyo neno lilianza kwenye ukuta, likahamia kwenye kilichozungushiwa, mwisho likaishia kwa kinachohitaji kuzungushiwa. Mimi naliona ndilo neno letu bora kabisa katika kilimo cha mboga, kwa sababu linataja ulinzi kabla ya kutaja mbegu.

Linganisha na tafsiri tunazoletewa. Vitabu vya bustani vya Ulaya vinamtaka mkulima aoteshe mbegu mapema, ndani ya nyumba, dirishani, wiki sita hadi nane kabla ya baridi kali ya mwisho. Mfasiri mvivu anaandika “otesha ndani ya nyumba” na kulala. Sasa ifuate hiyo Bagamoyo, kwenye chumba chenye dirisha dogo lililofungwa wavu wa mbu: mche utarefuka kama uzi ukilitafuta jua, kisha ulale chini. Kwetu adui si baridi. Ni jua la saa saba, mvua ya masika na kuku wa jirani. Sema “kusia kitaluni” na umemaliza.

Na neno “mapema” nalo lina hesabu yake ya hapa. Nyanya haipendi usiku wa joto. Ikizidi nyuzi 21 hivi, maua huanza kupukutika bila kushika tunda. Mwambao huu unapata usiku wa nafuu kuanzia Juni hadi Agosti, kusi ikivuma. Basi rudi nyuma: ukisia mwishoni mwa Aprili, masika yakiwa bado yanamwaga, miche huwa tayari kuhama mwishoni mwa Mei, ikiwa na majani manne hadi sita, na maua yanaangukia kwenye ubaridi. Mapema maana yake ni kusia wakati bustani yenyewe bado ni tope. Bilinganya na pilipili hoho huenda vivyo hivyo. Bamia na tango usizisumbue, zipande palepale zitakapokaa, mizizi yake haipendi safari.

Kiswahili hakikutunyima vitenzi. Mbegu husiwa kitaluni. Mche huatikwa bustanini. Maofisa ugani wengi wanasema “kupandikiza”, na sina ugomvi nao, ingawa kuatika ni neno fupi na la siku nyingi, nami nalisikitikia linavyosahaulika.

Mwaka wangu wa kwanza nilisia nyanya aina ya Tengeru 97 kwenye trei, nikaiweka juu ya kibaraza cha saruji kisicho na kivuli. Jirani yangu, mama mtu mzima, alichungulia akauliza: “Mwanangu, hicho kitalu au kikaango?” Nikakimbilia kinyume chake: kivuli kizito, maji asubuhi na jioni. Siku ya tisa shingo za miche, pale zinapotokea ardhini, zikawa nyembamba, zenye maji, rangi ya chai. Ikaanguka yote ikiwa bado na majani mabichi. Hicho ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu wa kwenye udongo, na aliyeukaribisha ni mwenye ndoo.

Dawa yangu sasa ni kichanja: miti minne, makuti ya kumba juu, upande wa asubuhi wazi. Maji mara moja, mapema. (Trei najazia vumbi la makumbi lililooshwa chumvi, kununua kokopiti ya Sri Lanka huku umekaa chini ya mnazi ni jambo la kuchekesha.) Ile nyumba ya plastiki tunayoiita kitalu nyumba niliikwepa. Katika nchi ya baridi inatunza joto. Hapa pwani, isipofunikwa kwa wavu badala ya nailoni, inakuwa tanuri.

Limebaki neno moja, kukomaza. Wiki ya mwisho kabla ya kuatika unapunguza maji, unaondoa kuti moja leo, jingine kesho kutwa, mpaka miche inakaa juani mchana kutwa. Shina huacha ukijani wa maji, likapata uzambarau kidogo upande wa jua, na ukiligusa kwa kidole linarudi mahali pake. Mama yule alipita tena Mei iliyopita. Akalipapasa moja, akanyamaza, kisha akaomba miche kumi.