Sindano ya shingoni ilipita Entebbe kabla ya New York

Historia ya kuchoma uvimbe kwa sindano ili kujua una nini huanzishwa mara nyingi New York, mwaka 1930. Hapo kuna ukurasa umerukwa, nao ni wa huku kwetu.

Mwaka 1904 malale yalikuwa yakifyeka vijiji vya Busoga na Buganda, kandokando ya Ziwa Victoria. Greig na Gray, madaktari wanajeshi wa Kiingereza, walikuwa Entebbe na tume ya Royal Society. Kwamba tezi za nyuma ya shingo huvimba kwa malale si habari mpya: daktari Thomas Winterbottom alishaliandika mwaka 1803 kutokana na aliyoyaona Sierra Leone, na wanunuzi wa watumwa walimkwepa mwenye dalili hiyo. Greig na Gray wakachoma tezi hizo, wakavuta tone la majimaji na kulitazama kwa hadubini likiwa bado bichi. Vimelea vilionekana vikijinyonganyonga katikati ya seli. Timu za malale nchini Kongo zingali zikitumia njia hiyo.

Hayes Martin, mpasuaji wa Memorial Hospital, New York, alikuwa akiwinda saratani. Kukata kipande cha uvimbe wa shingo kulihofiwa kuisambaza na kuharibu upasuaji wa baadaye. Yeye na Edward Ellis, fundi wa maabara, wakatia ganzi, wakachanja ngozi kidogo, wakaingiza sindano nene ya geji 18 na kuvuta bomba. Kilichotoka kikapakwa kwenye kioo. Wanapatholojia wengi wa Marekani hawakuridhika. Walitaka nyama, si seli zilizotawanyika.

Waswidi ndio walioishikilia njia hii. Katika hospitali ya Karolinska, Stockholm, miaka ya 1950, Sixten Franzén na wenzake walitumia sindano nyembamba isiyofika milimita 1, mara nyingi bila ganzi, na kishikio cha bomba kama bastola: mkono mmoja unavuta, mwingine umeubana uvimbe. Aliyechoma ndiye aliyekwenda kusoma kioo. Kwa maoni yangu, hilo lilikuwa na uzito kuliko wembamba wa sindano, maana vidole vilikwisha kumwambia kama uvimbe ni mgumu, unateleza au umeng'ang'ania.

Leo ultrasaundi huiongoza sindano, na majibu ya sindano ya rovu hupangwa katika makundi 6 yaliyotokana na mkutano wa Bethesda wa mwaka 2007. Limfoma, saratani ya tezi za limfu, bado inasumbua. Seli zilizovutwa hazionyeshi tezi ilivyojengeka, kwa hiyo mara nyingi mpasuaji hulazimika kuitoa tezi nzima.